Safari ya Lamu na Pate: Mtu na Kilemba Chake

Alhamdulillahi Rabbil-alamin, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Wapenzi wasomaji, aghalabu katika kurasa kama hizi husimuliwa safari za Makka na Madina, na miji mikubwa ambayo kila Muislamu hutamani kuiona kabla ya kufa. Mimi nataka kuwasimulia safari fupi ya visiwani kwetu, Lamu na Pate, niliyoifanya katika Mfungo Sita. Sikwenda kwa biashara wala kwa mazishi. Nilikwenda kusikiliza Maulidi, nikarudi na jambo ambalo limenikalia moyoni hata leo, nami naona latufaa sote, wazazi na vijana, na zaidi sisi tunaoitwa walimu.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa visiwa vile walikuwa mafundi wa sanaa za kila aina: kujenga, kuchonga, kunakshi, kutunga na kuimba. Lakini sanaa zao nimeziona kuwa ni za namna mbili. Ya kwanza humvika mtu cheo, ikawaambia walimwengu: huyu ni fulani bin fulani, mpisheni njia. Ya pili humvua kile cheo, ikamwacha yeye na moyo wake mbele ya Mola wake, na ubavuni pake ndugu yake aliyevuliwa kama yeye. Ya kwanza nimeikuta katika makumbusho na magofu. Ya pili nimeikuta ingali hai.

Mji wenye milango

Nilipanda basi Mombasa, tukapita Malindi na Garsen, kisha Witu, hata tukafika Mokowe ambako barabara huishia baharini. Hapo abiria hushuka na mizigo yao wakaingia katika mashua, kwani Lamu ni kisiwa. Chomboni nilikaa baina ya mama mmoja aliyepakata kikapu cha kuku na kijana aliyevaa kanzu mpya, naye akiilinda isirushiwe maji ya chumvi. Mji huonekana tangu mbali, umejipanga ukingoni mwa maji.

Lamu ni mji wa kale, na katika mwaka 2001 Shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Njia zake ni nyembamba, na wapitao humo ni watu na punda. Nyumba ya mwungwana ina daka mbele yake, na katika daka mna baraza za mawe kulia na kushoto, ndipo penye mlango uliochongwa. Mgeni asiyejulikana huishia dakani. Anayejulikana zaidi huingizwa kiwandani. Jamaa wa karibu ndio wafikao ndani, na huko ndani kabisa ukutani mna zidaka za chokaa zilizonakshiwa, safu juu ya safu, ambamo zamani ziliwekwa sahani za kaure za Kichina na vyombo vya fahari.

Nilipoitazama nyumba hiyo nilistaajabia kazi ya mikono ya mafundi. Lakini nilifahamu vile vile kuwa nyumba yenyewe ilikuwa ni mizani. Ilimpima mtu kwa hatua alizoruhusiwa kupiga. Na mji nao ulipimwa hivyo hivyo: upande wa kaskazini, Mkomani, zilikuwako nyumba za mawe za waungwana, upande wa kusini, Langoni, walikaa wageni kutoka Hadhramaut na Ngazija, na watu wa hali ya chini, na wale waliokuwa watumwa na watoto wao. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika pwani hii mwaka 1907. Lakini sheria huandikwa kwa siku moja, na mioyo ya watu huifuata polepole.

Siwa

Katika makumbusho ya Lamu, yaliyo katika nyumba iliyoelekea bahari, nilisimama mbele ya siwa ya Pate. Ni baragumu ya pembe ya ndovu, urefu wake wapata mita 2, nayo imechongwa kwa ustadi ambao macho hayachoki kuutazama. Lamu nayo ilikuwa na siwa yake ya shaba.

Siwa haikupulizwa kwa ajili ya kila mtu. Ilikuwa alama ya enzi. Ilisikilizana katika harusi na shughuli za wafalme na waungwana, na aliyekuwa si katika wao aliweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka na akafa, asipulizwe hata mara moja. Sauti yake ilipotoka, kila mtu mjini alijua mahali pake: nani wa kupita mbele, na nani wa kusimama kando.

Siku niliyoiona mimi ilikuwa imetulia kimya. Watoto wa skuli walikuwa wakiitazama pamoja na mwalimu wao, na nina yakini kuwa miongoni mwao walikuwamo wajukuu wa waliopulizwa na wajukuu wa wasiopulizwa, nao wamefungamana mikono, hawajui habari hiyo.

Pate

Kesho yake nilipanda mashua ya mota kwenda kisiwa cha Pate, tukashuka Mtangawanda, tukaendelea kwa miguu. Pate ya leo ni mji mdogo. Ukiupita unaingia katika magofu ya Pate ya zamani, kiti cha wafalme Wanabahani, mji uliopata kuwa na nguvu katika pwani hii kabla haujadhoofishwa na fitina na vita. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Pate yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na tangu hapo nguvu yake haikurudi.

Kuta bado zimesimama, nyingine zina alama za zidaka, na baina ya kuta watu wamelima tumbaku. Nilimkuta mzee mmoja akipalilia. Baada ya kuamkiana nilimwonyesha ukuta mrefu kuliko mingine, nikamwuliza:

"Mzee wangu, hii ilikuwa nyumba ya nani?"

Akautazama, akaegemea jembe lake, akasema: "Ilikuwa nyumba ya mtu, Maalim. Sasa ni shamba."

Sidhani kuwa alikusudia kunipa mawaidha. Alijibu alichoulizwa. Lakini jibu lake lilinikumbusha Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate, ulioandikwa wakati mji huu ulipokuwa umekwisha kuanguka. Ni utungo wa beti za mistari minne, kila mstari mizani 10, nao ulipigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1939 kwa kazi ya William Hichens. Katika madrasa nyingi za pwani, na katika nyumba za wapenda mashairi, wako wanaouhifadhi mpaka leo.

Yafaa tutazame alilolifanya mshairi huyu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nyumba zile. Zile taa, zile kaure katika zidaka, vile vitanda vya fahari, alivijua kama mtu anavyovijua vya kwao. Angaliweza kutunga sifa za jamaa zake, na watu wangalimpa heshima. Au angaliweza kuwakemea wenziwe kuwa hawakumcha Mungu, na watu wangalimwita mwenye hekima. Hakufanya hili wala lile. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, aliugeukia moyo wake mwenyewe, akausemeza kama mtu anavyomsemeza rafiki aliyepotea njia: mbona huzinduki, na wewe umeyaona haya kwa macho yako? Ndipo akauonyesha zile nyumba zilizoingiwa na popo na buibui, akauuliza wako wapi waliokuwa humo.

Inkishafi maana yake ni kufunuka. Wengi huusoma utungo huu kama kilio cha mji ulioanguka. Mimi, nikiwa nimesimama katika magofu yale, niliufahamu kuwa ni habari ya mtu aliyejifunua. Alivua usharifu, akavua ukoo, akavua ushairi wake wenyewe, akabaki yeye na moyo wake. Na kwa kuwa alijivua hivyo, ndipo mimi, nisiye sharifu wala mtu wa Pate, niliyezaliwa baada yake kwa muda mrefu, naweza kuusoma utungo wake nikaona kuwa ni moyo wangu unaosemezwa. Lau angalisema kama fulani bin fulani, mimi ningalibaki dakani.

Riyadha

Nilirudi Lamu, na usiku wa Maulidi ukawadia. Msikiti wa Riyadha uko upande wa Langoni, na habari yake yafaa vijana wetu waijue. Uliasisiwa na Habib Swaleh bin Alawi Jamalil-Layl, sharifu aliyezaliwa Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Mtu huyu alikuwa na nasaba ambayo katika mji ule ilitosha kumkalisha juu ya kila baraza. Yeye akaenda kukaa na watu wa Langoni, akawafundisha Kurani na dini wale ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, wakiwamo watumwa na watoto wa watumwa. Alikuwa pia tabibu wa dawa za miti, akiwatibu wagonjwa. Baadhi ya waungwana wa Lamu hawakupendezwa hata kidogo, kwani waliona elimu ni kitu cha nyumba zao.

Habib Swaleh aliwaletea watu hawa Maulidi ya Simtud-Durar, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Husomwa kwa sauti nzuri, na baina ya milango yake huimbwa kasida kwa matari. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na kitabu, asiyekuwa na baraza, lakini ana sauti na mikono miwili, alipata mlango wa kuingilia. Hata leo watu huja Lamu katika mwezi huu kutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Ngazija na kwingineko.

Najua kuwa wako masheikh wasioyakubali matari katika Maulidi, na wako wasioyakubali Maulidi yenyewe, na kila mmoja ana hoja yake. Mimi si mtu wa kuwahukumu wanavyuoni, wala sikushika kalamu kwa ajili ya mjadala huo. Nasimulia nilichokiona na kilichonipata.

Nilifika mapema ili nipate mahali pazuri. Nisiwafiche, nilitazamia kwamba nitatambuliwa kwa kilemba changu na joho langu, nikaribishwe mbele. Hakuna aliyenitambua. Watu walikuwa wengi, wakaja kwa mafungu, wakanisogeza, hata nikajikuta nimebanwa ubavuni pa mzee mmoja aliyevaa kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba. Nilipompa mkono niliuona mkono wake mgumu kama kamba. Aliniambia kuwa kazi yake ni kuchukua mchanga kwa punda. Ulimini nilikuwa na lile swali letu la pwani: wewe ni mwana wa nani? Kabla sijaliuliza, yeye akapiga kando kidogo, akaniambia: "Sogea huku, Maalim, hapa pana upepo."

Matari yakaanza. Vijana walikuwa wameketi safu mbili zinazokabiliana, nguo zao nyeupe, wakiinama na kuinuka kama mtu mmoja. Nilijaribu kuwabagua: yupi mtoto wa tajiri, yupi wa mvuvi, yupi wa Mkomani, yupi wa Langoni. Sikuweza. Wakati wa kisimamo sote tukasimama, marashi yakanyunyizwa juu ya wote, na moshi wa udi ukapita haukumchagua mtu. Yule mzee wa punda alikuwa akisoma kwa hifdhi, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta, kwa sababu hakuwako aliyekuwa akimtazama isipokuwa mimi.

Na mimi nilikuwa simtazami yeye tena. Nilikuwa nasikia sauti ya mtoto.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, mtoto wa hamali wa sokoni. Mwenyezi Mungu alimpa sauti ambayo katika maisha yangu ya ualimu sikuisikia mara mbili. Mwaka mmoja tulitembelewa madrasani na wageni wakubwa, watu wa kutoa michango. Kasida ya kuwakaribisha alikuwa ameihifadhi yule mtoto, na wenziwe wote walijua kuwa yeye ndiye wa kuisoma. Asubuhi ya siku ile nikaitazama kanzu yake, nikamtazama mtoto wa tajiri mmoja aliyekuwako miongoni mwa wageni, nikabadilisha. Mtoto wa hamali nikamkalisha nyuma. Hakusema neno. Baada ya mwezi mmoja aliacha kuja, nami nikajiambia kuwa riziki yake katika elimu ilikuwa ndiyo hiyo.

Kila mwaka, wasomaji wangu, huwafundisha watoto Juzuu Amma, na ndani yake mna Suratu Abasa. Huwaeleza kisa chake: jinsi kipofu Abdullah bin Ummi Maktum alivyomjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, na Mtume wakati ule alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu, akakunja uso, na Mola wake akamteremshia aya za kumzindua. Mtume alikuwa akitaka kheri ya dini. Mimi nilitaka michango. Na nimeifundisha sura ile kwa miaka mingi, bila ya kuiona nafsi yangu ndani yake. Ilibidi niende mpaka Langoni, nikae ubavuni pa mchukuzi wa mchanga, nisiwe mtu, ndipo niione.

Kurudi

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule mwanafunzi. Sasa ni mtu mzima, fundi seremala, ana mke na watoto. Nilimkuta karakanani akipiga randa ubao.

"Shikamoo, Maalim," aliniambia, akanifutia benchi nikae.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa kazi ya ubao. Nimekuja kukutaka radhi." Nikamkumbusha siku ile, nikamweleza kwa nini nilifanya nilivyofanya, sikujitafutia udhuru.

Alinyamaza kwa muda, mkono wake juu ya randa. Kisha akasema: "Mimi nilidhani Maalim hakuipenda sauti yangu."

Miaka yote ile hakusoma tena mbele ya watu. Cheo changu na umasikini wa baba yake vilisimama baina yetu, na yeye, kwa adabu yake, aliona kosa liko katika kipawa alichopewa na Mungu. Alinisamehe kwa maneno mema, Mungu amlipe. Nikamwambia kama ana mtoto wa umri wa chuo amlete kwangu, nimfundishe mwenyewe. Akajibu: "Inshallah, Maalim, nikipata nafasi." Hata naandika maneno haya mtoto hajaja, nami sina haki ya kumhimiza.

Wapenzi wasomaji, sisemi kuwa vyeo viondoke. Baba ni baba, mwalimu ni mwalimu, na mkubwa ana haki ya kuamkiwa. Katika Suratul-Hujurat Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kuwa mbora wetu mbele yake ni mwenye kumcha zaidi. Makusudio, basi, ni kujuana. Kilemba kikimsaidia mtu kunijua, na kikae kichwani. Kikimzuia asinione, nami nisimwone yeye, hapo kimekuwa ni ukuta, na nimeona Pate mwisho wa kuta.

Kwa vijana: jifunzeni Al-Inkishafi kwa wazee wenu wangali hai, na mkiisoma, msitafute ndani yake makosa ya watu wa Pate. Kwa wazazi: mwana wenu akiketi madrasani ubavuni pa mtoto wa hamali, msimwombee kiti cha mbele. Na kwa walimu wenzangu: kila mmoja wetu aitazame safu ya nyuma, amtazame aliyekaa huko, ajiulize ni nani aliyemkalisha.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa kujua na kwa kutojua, na azifunue nyoyo zetu mbele yetu wenyewe kabla hazijafunuliwa Siku ya Hesabu. Amin.